SOMO LA AFYA: PIMWA UKINGALI MZIMA

Somo la toleo hili ni la watu wazima: akina baba, akina mama, na vijana waliokwisha kufika miaka 18. Unaweza kulisoma peke yako nyumbani, au mkalisoma pamoja katika kikundi chenu. Mwishoni kuna maswali ya kujadiliana.

SHABAHA YA SOMO: Msomaji aelewe kwa nini mtu asiyeumwa anahitaji kupimwa, vipimo gani vinamfaa kwa umri wake, na afanye nini akishapewa majibu.

1. Ugonjwa unaopiga hodi na ugonjwa usiopiga hodi

Wengi wetu tumezoea kwenda kituo cha afya siku tunapoumwa tu. Malaria imetufundisha hivyo. Malaria inapiga hodi: homa inapanda, kichwa kinagonga, viungo vinalegea, chakula hakipiti. Mtu hahitaji kuambiwa kwamba ni mgonjwa. Anakwenda, anapimwa damu, anapewa dawa, anarudi nyumbani.

Lakini yako magonjwa mengine yanayoingia bila hodi. Presha ya damu, ambayo wengi wetu tuliotoka Kongo tunaiita tansio, inaweza kukaa mwilini miaka 10 bila kuuma mahali popote. Ugonjwa wa sukari nao ni hivyo hivyo mwanzoni. Saratani ya mlango wa kizazi huanza kama kidonda kidogo kisichouma, na kwa mama mwenye kinga nzuri ya mwili huchukua miaka 15 hadi 20 kabla ya kuwa saratani kamili. Virusi vya UKIMWI vinaweza kukaa miaka mingi na mtu akaendelea kulima, kucheza mpira na kuimba kwaya.

Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilieleza kwamba watu wazima wapatao bilioni 1.28 wa umri wa miaka 30 hadi 79 walikuwa na presha ya juu, na karibu nusu yao hawakujua kwamba wanayo. Si kwamba walijua wakapuuza. Hawakujua, kwa sababu hakuna kilichowauma na hakuna aliyewapima.

Hapo ndipo ilipo maana ya somo hili. Kwa magonjwa ya namna hiyo, kusubiri maumivu ni kuchelewa. Kinachoweza kuuona ugonjwa mapema ni kipimo. Wazee walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini ufa wa presha hauonekani kwa macho, lazima uutafute.

2. Kinachotokea tusipopima

Tuchukue mfano. Baba mmoja wa miaka 48 anaamka vizuri, anakwenda shambani, anarudi, anakula. Usiku anashindwa kuinua mkono wa kulia, mdomo umepinda, maneno hayatoki. Asubuhi watu wanajaa nyumbani kwake. Swali la kwanza linaloulizwa ni hili: jana alikula wapi? Nani alimpa kinywaji? Kabla ya saa sita mchana jina la jirani limekwisha kutajwa. Inasemekana amelishwa sumu, au amelogwa.

Ukweli ni kwamba kupooza kwa namna hiyo, yaani kiharusi, mara nyingi kunatokana na presha ya juu iliyoachwa miaka mingi bila dawa. Mshipa wa damu katika ubongo umeziba au umepasuka. Hakuna mtu aliyemfanya hivyo. Kama baba huyo angefungiwa kile kifaa mkononi miaka mitano nyuma, namba mbili zingeandikwa kwenye daftari lake, angepewa dawa, na huenda leo angekuwa shambani.

Wapendwa, tunajua jinsi maneno ya sumu na uchawi yalivyovunja familia na vikundi vya maombi. Watu wamehama nyumba, wengine wamepigwa. Presha isiyopimwa inaweza kumwangusha mtu mmoja na kuwatenganisha majirani waliokimbia vita pamoja. Ndiyo maana tunasema kupimwa si jambo la mtu binafsi tu. Ni jambo la amani ya kijiji.

3. Kuchunguza ni kama kuchekecha unga

Mama anayechekecha unga hajapika ugali bado. Anatenganisha tu: huu ni laini, hizi ni pumba zitazamwe tena. Kumpima mtu asiyeumwa nako ni hivyo. Kipimo cha kwanza hakisemi mwisho wa jambo. Kinasema: wewe huna dalili ya ugonjwa huu kwa sasa, au wewe unahitaji kuangaliwa zaidi.

Kwa hiyo usizimie ukiambiwa kwamba presha yako iko juu leo. Itapimwa tena siku nyingine. Kipimo cha virusi vya UKIMWI kikionyesha dalili, hurudiwa kwa kipimo cha pili na cha tatu cha aina tofauti kabla mtu hajaambiwa kwamba anaishi na virusi. Mama akionekana na alama kwenye mlango wa kizazi, hiyo si hukumu ya saratani. Mara nyingi ni kidonda kinachoweza kuondolewa kabla hakijawa saratani.

Vilevile usijivune kupita kiasi ukiambiwa uko sawa. Majibu ya leo ni ya leo. Presha nzuri ya mwaka huu haikulindi mwaka kesho.

4. Vipimo vinavyomfaa mtu mzima

Hapa tunaeleza vipimo vilivyo muhimu zaidi. Si kila kituo kina vyote kila siku, lakini ukijua jina la kipimo utajua cha kuulizia.

(a) Presha ya damu. Hiki ni kipimo rahisi kuliko vyote. Kifaa cha kufunga mkononi kilibuniwa mwaka 1896 na daktari wa Italia, Scipione Riva-Rocci, na hadi leo njia yake ndiyo inayotumika. Kila mtu mzima wa miaka 18 na zaidi apimwe kila anapofika kituo cha afya, hata kama amekwenda kwa sababu ya malaria au jino. Ukifika miaka 40, usiache mwaka upite bila kupimwa.

Utapewa namba mbili. Ya juu ni nguvu ya damu wakati moyo unapobana. Ya chini ni wakati moyo unapopumzika. Ikiwa chini ya 120/80 ni nzuri. Ikifika 140/90 au zaidi katika siku mbili tofauti, hiyo ni presha ya juu na inahitaji matibabu. Ikifika 180/120, na mtu anaumwa kichwa sana, kifua, au haoni vizuri, hilo ni jambo la siku hiyo hiyo, si la kesho.

Ili namba ziwe za kweli, keti kwanza dakika 5. Egemeza mgongo, weka miguu chini bila kuikunja, laza mkono mezani usawa wa moyo, usizungumze. Kama umetoka mbio, umekunywa kahawa au umevuta sigara, subiri nusu saa. Kama mkojo umekubana, nenda kwanza msalani.

(b) Sukari katika damu. Wanaohitaji kipimo hiki zaidi ni watu wa miaka 40 na kuendelea, watu wenye unene, wenye presha, wenye mzazi au ndugu wa tumbo moja aliye na ugonjwa huo, na mama aliyewahi kuambiwa ana sukari wakati wa mimba. Kipimo kizuri kinachukuliwa asubuhi kabla ya kula chochote, baada ya kukaa bila chakula saa 8 au zaidi. Maji matupu yanaruhusiwa. Tone moja la damu ya kidole linatosha. Ikifika 7.0 (mashine nyingine zinaonyesha 126) inabidi irudiwe ili kuthibitisha ugonjwa. Ikiwa sawa, inatosha kurudia baada ya miaka 3, isipokuwa mhudumu akushauri mapema zaidi.

Lakini kama una kiu isiyoisha, unakojoa mara nyingi usiku, na unakonda huku unakula, wewe huhitaji kungoja umri. Nenda upimwe sasa.

(c) Mlango wa kizazi. Saratani hii inatokana na virusi vinavyoitwa HPV, vinavyopita kwa njia ya kujamiiana. Mwanasayansi wa Ujerumani aliyeonyesha jambo hilo, Harald zur Hausen, alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2008. Mwaka 2022 saratani hii iliua akina mama wapatao 350,000 duniani, na Afrika Mashariki ni mojawapo ya sehemu zinazoumia zaidi. Jambo la kusikitisha ni kwamba ni moja ya saratani zinazozuilika kwa urahisi kuliko nyingine.

Kila mama wa miaka 30 hadi 49 apimwe. Mama anayeishi na virusi vya UKIMWI aanze akiwa na miaka 25, kwa sababu kwake ugonjwa unakwenda haraka: miaka 5 hadi 10 badala ya 15 au 20. Kipimo kinachopatikana katika vituo vingi ni cha siki. Mama analala kama wakati wa kuzaa, muuguzi anapaka maji yenye asidi ya siki kwenye mlango wa kizazi, anangoja kidogo, kisha anaangalia kwa taa. Mahali penye hitilafu hugeuka peupe. Haichukui muda mrefu na haikatwi nyama. Kidonda kikionekana, mara nyingi kinaweza kuchomwa kwa kifaa cha moto au kugandishwa kwa baridi, pengine siku hiyo hiyo. Kipimo hiki kirudiwe kila baada ya miaka 3. Katika vituo vingine kuna kipimo cha kutafuta virusi vya HPV vyenyewe, na mama anaweza kujichukulia sampuli mwenyewe kwa kijiti, faraghani. Hicho kikiwa sawa, mama asiye na virusi vya UKIMWI hukirudia baada ya miaka 5 hadi 10.

Mama anayetokwa damu baada ya kujamiiana, au baada ya kukoma hedhi, asiseme nitangoja siku ya kampeni. Hiyo tayari ni dalili. Aende juma hili. Na mabinti zetu wa miaka 9 hadi 14 wapelekwe kwenye chanjo ya HPV inapotangazwa. Si chanjo ya kufunga uzazi. Ni kinga ya saratani.

(d) Matiti. Kila mama ajue matiti yake yalivyo kawaida, na amwombe muuguzi ayapapase anapofika kituoni. Uvimbe mpya, ngozi iliyobonyea, chuchu iliyoingia ndani au inayotoa damu: nenda mapema. Uvimbe mwingi si saratani, lakini huwezi kujua kwa kukisia.

(e) Virusi vya UKIMWI. Kila mtu mzima ajue hali yake, na wenzi wa ndoa ni vizuri wapimwe pamoja. Leo anayemeza dawa vizuri mpaka virusi visionekane kwenye kipimo hamwambukizi mwenzake kwa kujamiiana. Hofu ya miaka ya 1990, wakati dawa hazikuwapo huku kwetu, isitufunge leo.

(f) Kifua kikuu. Hapa kipimo cha kwanza ni maswali manne: Unakohoa wiki mbili au zaidi? Unapata homa? Unatokwa jasho jingi usiku? Umekonda? Ukijibu ndiyo kwa swali moja, peleka makohozi yakapimwe. Kwa mtu anayeishi na virusi vya UKIMWI, kikohozi cha siku yoyote kinatosha. Tunaishi nyumba zilizobanana, tunalala wengi chumba kimoja. Mmoja akipona, wengi wanalindwa.

(g) Homa ya ini aina ya B. Hii inapimwa kwa damu. Ukikutwa huna, uliza habari za chanjo. Ukikutwa nayo, kuna ufuatiliaji na dawa kwa wanaohitaji.

(h) Macho. Baada ya miaka 40, pakiwa na mtaalamu wa macho, mwombe akupime presha ya jicho. Ugonjwa wa glakoma huiba uoni polepole kuanzia pembeni, na kilichopotea hakirudi. Mwenye sukari aangaliwe macho kila mwaka.

5. Akina baba, somo hili ni lenu

Tuangalie nani anapimwa hapa kwetu. Mama akishika mimba anakwenda kliniki: anafungiwa kifaa cha presha, anapimwa damu, anapimwa virusi, kaswende, anapimwa uzito. Akizaa watoto watano, amepimwa mara nyingi. Baba je? Baba anaweza kupita kutoka miaka 20 hadi 50 bila mtu yeyote kumfungia kifaa cha presha mkononi. Hana mimba, hana kliniki. Anafika hospitali siku ya kubebwa.

Wengine husema: mimi ni mwanamume, nina nguvu, sina muda wa kupanga foleni. Lakini ukianguka, foleni atapanga mkeo, shamba litalimwa na watoto walioachishwa shule. Baba anayepimwa hajidhalilishi. Analinda nguvu ambayo nyumba yake inaitegemea. Na baba aliyepita miaka 50, akianza kupata shida ya kukojoa, kwa mfano mkojo unatoka kwa kukatika au anaamka mara nyingi usiku, asione haya. Amweleze mhudumu.

6. Jihadhari na mashine ya kupima kila kitu

Sokoni na barabarani hupita watu wenye mashine ndogo. Unashika kijiti cha chuma, kompyuta inaandika, na kwa dakika moja unaambiwa ini lako limechoka, figo zina uchafu, mishipa imeziba. Kisha unauziwa makopo ya dawa kwa bei ya mbuzi. Wapendwa, damu, mkojo na makohozi havikuchukuliwa. Figo yako imepimwaje? Mashine hiyo haina uwezo huo. Biashara iko kwenye makopo.

Hata kwa vipimo vya kweli, kupima kila kitu si busara. Mwaka 1968 wataalamu wawili, J. M. G. Wilson na G. Jungner, waliandika katika kitabu kilichotolewa na WHO masharti ya kumpima mtu asiyeumwa. Kwa ufupi: ugonjwa uwe wa kweli na wenye madhara makubwa; uwe na kipindi cha kujificha; kipimo kiwe salama na watu wakikubali; na kuwe na matibabu yanayopatikana. Presha inatimiza yote hayo, na mlango wa kizazi vilevile.

Mwaka 2019 watafiti wa Denmark walikusanya majaribio 17 yenye watu zaidi ya 250,000, hasa wa nchi tajiri, kulinganisha waliofanyiwa uchunguzi wa jumla wa mwili na wasiofanyiwa. Waliofanyiwa hawakuishi muda mrefu zaidi kwa tofauti ya maana. Je, hiyo ina maana tusipimwe? Hapana. Katika nchi hizo watu wengi tayari wana daktari anayewapima presha kila wanapomwona. Inatufundisha kwamba wingi wa vipimo hauponyi. Kinachookoa ni vipimo vichache vinavyofaa, vikifuatwa na matibabu mpaka mwisho.

7. Nimepewa majibu, nifanye nini?

Kwanza, tunza daftari lako. Lile daftari la shule tunaloandikiwa kituoni ndiyo kumbukumbu yako. Liandike jina, liweke kwenye mfuko wa plastiki pamoja na hati ya familia, lisichezewe na watoto wala lisichanwe kuwashia moto. Namba ya presha ya mwaka jana ina thamani kwa daktari wa mwaka huu. Ukihama kwenda makazi mengine au mjini, nenda nalo.

Pili, uliza mpaka uelewe. Namba yangu ni ngapi? Maana yake nini? Nirudi lini? Kama hamwelewani lugha na muuguzi, omba mkalimani, au nenda na mtu mzima unayemwamini. Usimtumie mtoto wako kutafsiri habari za siri za mwili wako. Ni mzigo mzito kwake, na wewe mwenyewe utaficha mambo.

Tatu, dawa ya presha au ya sukari si kama dawa ya malaria. Hutumii siku tatu ukamaliza. Mtu anameza mwezi mmoja, anapimwa, namba zimeshuka, anasema nimepona, anaacha. Namba zimeshuka kwa sababu ya dawa. Akiacha, zinapanda tena kimyakimya. Dawa zikikosekana kituoni, usikae nyumbani. Uliza zitapatikana lini au wapi, kabla zako hazijaisha.

Wengine wameacha dawa baada ya kuombewa. Tunaomba, na tutaendelea kuombeana. Lakini kuomba hakukatazi kumeza kidonge, kama vile kuombea mvua hakukatazi kupanda mbegu. Anayeamini amepona arudi kituoni apimwe, na mhudumu ndiye aseme kama dawa zipunguzwe.

Nne, badilisha kinachowezekana nyumbani. WHO inashauri mtu mzima asipite gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai, ikiwa pamoja na ile iliyomo ndani ya chakula. Makayabu yalowekwe na maji yamwagwe mara kadhaa kabla ya kupika. Vipande vya kukolezea mchuzi vina chumvi nyingi. Ukiweka, usiongeze nyingine. Acha tumbaku, punguza pombe au iache kabisa. Maharage, sombe na mboga za majani ni chakula kizuri, havihitaji fedha nyingi.

8. Vizuizi vyetu na majibu yake

"Sina fedha." Serikali ya Uganda iliondoa malipo ya wagonjwa katika vituo vyake vya afya mwaka 2001, na vituo vya makazi vinahudumia wakimbizi na wenyeji pamoja. Kupimwa presha kunachukua dakika chache. Ni kweli, mara nyingine vijiti vya sukari vimekwisha au dawa hazitoshi. Lakini kuuliza ni bure, na wale wahudumu wa kijiji tunaowaita VHT wanajua siku za kampeni.

"Foleni ni ndefu." Ni kweli pia. Basi tumia safari moja kwa mambo mawili. Umempeleka mtoto mwenye malaria? Kabla hujaondoka sema: "Naomba mnipime na mimi presha."

"Naogopa kujua." Kutojua hakuuondoi ugonjwa. Kunakuondolea wewe muda wa kuutibu.

"Nikikutwa na ugonjwa, safari yangu ya kwenda ng'ambo itafutwa." Hofu hii imewafanya wengi wajifiche. Kila nchi ina sheria zake, kwa hiyo uliza ofisi inayohusika, si watu wa njiani. Lakini jueni mambo mawili. Kifua kikuu kinachoambukiza huchelewesha safari mpaka mtu atibiwe. Kwa hiyo aliyetibiwa mapema yuko mbele kuliko aliyejificha, kwani uchunguzi wa kabla ya safari utakiona tu. Na Marekani iliondoa katika Januari 2010 katazo lake kwa wageni wanaoishi na virusi vya UKIMWI. Zaidi ya hayo, wengi wetu tutaishi hapa miaka mingi. Afya haiwezi kungoja jina litoke kwenye orodha.

"Watu watajua siri yangu." Mhudumu amefungwa na kazi yake kutunza siri. Nasi pia tuache kuuliza kwa nini fulani ameonekana akitoka kliniki ile. Ndimi zetu zisiwe kizuizi cha uzima wa mtu mwingine.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Taja magonjwa manne yanayoweza kukaa mwilini bila maumivu. Kila moja linaonekana kwa kipimo gani?
2. Kwa nini kipimo cha kwanza kinalinganishwa na kuchekecha unga?
3. Mtu akipooza ghafla katika kijiji chetu, huwa tunasema nini? Somo hili linatufundisha kusema na kufanya nini badala yake?
4. Kwa nini akina baba wanapimwa mara chache kuliko akina mama? Kikundi chenu kinaweza kufanya nini?
5. Jirani yako ameacha dawa za presha kwa sababu anajisikia vizuri. Utamwambia nini bila kumkwaza?

ZOEZI LA MWEZI HUU

Kila msomaji wa miaka 40 na zaidi aende kupimwa presha kabla mwezi haujaisha, na namba zake ziandikwe kwenye daftari. Kila mama wa miaka 30 hadi 49 aulize kituo chake kinapima mlango wa kizazi siku gani. Atakayepata habari awaambie wenzake wawili, na waende pamoja. Mzee asiyeweza kutembea mbali, vijana wamsindikize au wamtafutie usafiri wa baiskeli au pikipiki.

Tukutane katika somo lijalo tukiwa wazima, na tukiwa tumepimwa.